Mizani Kwanza: Gesi ya Kupikia kwa Wanaoishi Barabarani, Kutoka Nakuru Hadi Ziwani

Anayeondoka Nakuru alfajiri na mtungi wa kilo 6 nyuma ya gari, akakunja kushoto pale Mau Summit, akapita Kericho na kuteremka hadi tambarare za Ahero, huwa amepitia baridi ya kuvaa koti na joto la kuvua shati kabla ya chakula cha mchana. Mtungi nao umepitia hayo hayo. Gesi iliyomo ndani imepoa, ikapashwa, ikatanuka, na shinikizo lake likapanda bila kutoa sauti yoyote. Anayepikia nyumbani hana haja ya kuwaza haya, maana mtungi wake hukaa kona moja ya jikoni mwaka mzima. Anayeishi barabarani hana budi kuyajua.

Na wanaoishi barabarani ni wengi. Kuna madereva wa malori wanaochemsha chai kando ya tairi pale Salgaa kabla ya kuendelea na safari ya Malaba. Kuna wapishi wanaofuata siku za soko, leo mji huu, kesho mwingine. Kuna mafundi wanaolala kwenye hema wiki tatu mfululizo wakijenga mnara mlimani. Siku hizi kuna hata vijana waliogeuza Hiace kuukuu kuwa nyumba yenye kitanda, sinki na jiko. Wote hawa swali lao ni moja: gesi ikiisha nitaipata wapi, na nitajuaje kwamba nilichopewa ndicho nilicholipia? Jibu linaanzia kwenye mizani. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, yenye uwezo wa kufika kilo 40 au zaidi, na uiweke mahali pamoja na kiberiti. Mengi ya hapa chini yanaitegemea.

Hapa hatujazi, tunabadilisha

Msafiri aliyezoea nchi ambako unaegesha gari, mtu anavuta mpira na kukujazia tangi lako, atashangaa kufika Kenya. Huku unapeleka mtungi mtupu, unalipa, unaondoka na mtungi mwingine uliojazwa kiwandani. Neno tunalotumia ni "kujaza gesi", lakini ule mtungi uliokuja nao hauuoni tena. Ulichonunua siku ya kwanza, basi, ni haki ya kubadilisha. Chuma chenyewe kinazunguka kutoka kwa mtu hadi mtu.

Kwa anayehama hama, hilo lina maana kubwa: unapochagua chapa ya mtungi unachagua barabara. Kanuni za mwaka 2009 zilileta valvu za aina moja kwa mitungi ya nyumbani ya ukubwa mmoja, chapa yoyote, na kuzilazimisha kampuni kupokea mitungi ya wenzao. Kanuni mpya za mwaka 2019 ziliondoa ulazima huo, na zikakataza mtu yeyote kujaza mtungi wenye chapa ya kampuni nyingine bila idhini ya kampuni hiyo. Ndiyo maana mwenye duka mjini Kericho anaweza kukuangalia na mtungi wako wa chapa ngeni akakwambia hauchukui, au aongeze mia kadhaa juu ya bei. Hakuonei. Akiuchukua, utakaa dukani kwake mpaka ampate wa kumwondolea.

Kabla ya kununua mtungi wa kwanza, tembea vituo vitatu vinne vya mafuta na maduka kadhaa ya mtaani Nakuru, uangalie ni chapa zipi zimepangwa kwenye vizimba vya chuma nje. Chapa iliyo kwenye vituo vya mafuta vya barabara kuu, kuanzia Nakuru hadi Eldoret kwa upande mmoja na Kisumu kwa upande mwingine, ndiyo yako, hata kama ya jirani ina rangi nzuri na bei ya chini. Chapa ndogo inayouzwa mtaa mmoja tu wa Nakuru itakutupa ukifika Bondo.

Kuhusu ukubwa, kwa mtu mmoja au wawili safarini tunapendekeza mitungi miwili ya kilo 6 badala ya mmoja wa kilo 13. Sababu ni kadhaa. Mmoja ukiisha usiku unafunga wa pili na kuendelea kupika. Mtungi wa kilo 13 uliojaa hupita kilo 26, mzigo wa kumvunja mtu mgongo anapoutoa chini ya kitanda cha gari. Na kilo 6 ndiyo inayopatikana kila kona, hata kwa mama mwenye duka la unga na mafuta ya taa. Hasara yake ni kwamba kwa kawaida kila kilo ya gesi hukugharimu zaidi kidogo. Gawanya bei kwa 6 na kwa 13 uone tofauti katika mji uliopo. Ukipika kwa ajili ya watu kumi kila siku, hesabu itageuka na kilo 13 itashinda.

Kupima dukani

Kwenye shingo au kola ya kila mtungi pamepigwa muhuri wa namba. Unayoitafuta ni uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi ikitanguliwa na herufi TW au neno Tare. Tuseme imeandikwa 7.6. Mtungi huo wa kilo 6 ukiwa umejaa lazima usome kilo 13.6. Ukisoma 12.9, umeibiwa gramu 700, na kwa mapishi ya watu wawili hizo ni siku tatu za chakula. Kwa mtungi wa kilo 13 ulioandikwa 14.2, tarajia 27.2.

Usidhani mitungi yote ya kilo 6 ina uzito mmoja ikiwa mitupu. Watengenezaji ni tofauti, unene wa chuma ni tofauti, na miwili ya rangi moja inaweza kupishana kwa nusu kilo. Soma namba ya mtungi ulio mkononi mwako kila mara. Ikiwa imefutika kwa kutu au rangi, ukatae na uombe mwingine, kwa sababu mtungi usio na namba hauwezi kupimwa na yeyote, hata muuzaji mwenyewe.

Mizani yako pia ijaribiwe. Njia rahisi: ning'iniza mfuko wenye paketi tatu za unga wa kilo 2 uone kama inakaribia 6. Ikikosea kwa gramu 50 usijali. Ikikosea kwa 300, betri inakufa au springi imechoka.

Uzito ukishakubali, angalia kifuniko cha plastiki kilichozibwa kwenye mdomo wa valvu. Kiwe kizima, kina chapa ile ile ya mtungi, na hakijapashwa moto kikabandikwa upya; ukiona plastiki iliyokunjamana kama imeyeyuka pembeni, muulize. Kisha fungua kifuniko papo hapo dukani na uchungulie ndani ya mdomo. Kuna kipete cha mpira ambacho lazima kiwepo, laini, bila ufa. Kipete kilichokauka ndicho chanzo cha uvujaji mwingi unaosikia watu wakiulaumu mtungi. Paka mate au maji ya sabuni kwenye mdomo: povu likijitokeza kabla hujafunga chochote, valvu yenyewe haishiki. Rudisha. Mwisho inamisha kidogo uangalie kitako. Mitungi inayokaa kwenye sakafu za udongo huliwa na kutu pale chini, na mitaa ya karibu na ziwa ina unyevu wa kutosha kuimaliza.

Andika kwenye daftari tarehe, mji, bei na kilo halisi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na baada ya miezi mitatu daftari hilo litakwambia ni duka gani la kurudia na lipi la kupita bila kusimama.

Mtungi uliojazwa kupita kiasi ni mbaya kuliko uliopunjwa

Watu huogopa kupunjwa tu. Akipima na kukuta gramu 400 za ziada, mteja hufurahi na kuondoka upesi. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kwa muda, kwa sababu anayeishi garini ana hatari ambayo wengine hawana.

Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na juu yake huachwa nafasi ya mvuke. Kiwandani hujazwa kwa uzito uliohesabiwa ili kimiminika kisizidi takriban asilimia 80 hadi 85 ya ujazo wa mtungi. Nafasi ile si hasara. Kimiminika hiki hutanuka kwa joto kuliko maji kwa mbali sana: kila nyuzijoto 10 zikiongezeka, ujazo wake hukua kwa takriban asilimia 2 hadi 3. Sasa chukua mtungi ulionunuliwa Timboroa asubuhi hewa ikiwa nyuzijoto 8, uuteremshe hadi Ahero na kuuacha ndani ya gari lililofungwa vioo juani, ambako nyuzijoto 45 ni jambo la kawaida. Tofauti ni 37. Kimiminika kimekua kwa asilimia 8 hadi 10 hivi. Mtungi uliojazwa asilimia 85 utafika kama 93, na bado mvuke una pa kukaa. Uliojazwa asilimia 95 hauna tena nafasi. Kimiminika hakibonyezeki, hivyo kila nyuzijoto moja ya ziada inasukuma chuma moja kwa moja, na shinikizo hupaa ghafla badala ya kupanda polepole.

Mitungi iliyojazwa hivyo haitoki katika viwanda halali. Hutoka nyuma ya nyumba, ambako mtungi mkubwa wa kilo 50 hupinduliwa kichwa chini juu ya benchi, mpira unaunganishwa, na gesi inahamishwa kwa kukisia hadi mdogo "usikike umejaa". Hakuna mizani ya kukata, hakuna nafasi ya mvuke inayohesabiwa, na gesi inayomwagika wakati wa kuunganisha na kuondoa mpira inatambaa sakafuni ikitafuta jiko la jirani. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ulitoka katika kituo ambacho EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, ilisema hakikuwa na kibali. Bei ya nyuma ya nyumba hupungua kwa mia mbili hivi. Tunasema wazi: usinunue, hata kama umebakiwa na hiyo mia mbili tu. Kula mkate na maziwa siku hiyo.

Ukikuta mtungi wako umezidi zaidi ya gramu 200 au 300, usiutoe gesi hewani na usiulaze. Urudishe kwa muuzaji. Ikiwa umeshafika mbali, usimamishe kivulini nje ya gari, uufunge jikoni na uanze kuutumia.

Mtungi "ulioisha" ambao haujaisha

Gesi ya kupikia ya kwetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka ikiwa nyuzijoto 42 chini ya sifuri, kwa hiyo popote Kenya ina nguvu. Butani huchemka karibu kabisa na sifuri. Katika mtungi mmoja propani hutangulia kutoka, na kadiri unavyopika ndivyo kinachobaki kinavyokuwa butani zaidi. Matokeo yake ni haya: theluthi ya mwisho ya mtungi ni dhaifu kwenye baridi.

Dereva amelala Timboroa, mita zaidi ya 2,700 juu ya usawa wa bahari. Anaamka saa kumi na moja, anawasha meko, moto unatoka kama wa kibatari. Anatikisa, anasikia kitu kikicheza ndani, anasema ni maji waliyochanganya. Anafika mjini na kubadilisha mtungi. Huenda ameacha gramu 800 za gesi nzuri mikononi mwa muuzaji. Angeupima kwanza, angejua. Kilichocheza ndani kilikuwa butani iliyopoa. Kisumu saa saba mchana, mtungi ule ule ungepika ugali bila shida.

Dawa ya baridi ni maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kuogea, yakimiminwa taratibu ubavuni mwa mtungi au kuwekwa kwenye beseni na mtungi ukasimama ndani. Kamwe usitumie moto, makaa wala maji yanayochemka. Wengine hulaza mtungi ili "gesi ya chini itoke". Hili ni kosa la hatari kweli. Mtungi ukilala, kinachotoka ni kimiminika, na lita moja ya kimiminika huwa takriban lita 250 za gesi. Moto uliokuwa hafifu unaruka hadi darini.

Maji ya moto kiasi yanakupa pia kipimo cha haraka ukikosa mizani. Mimina kikombe ubavuni kuanzia juu, ngoja sekunde chache, kisha pitisha kiganja kutoka juu kushuka. Mahali ambapo chuma kinabadilika ghafla kuwa baridi ndipo kimiminika kilipo.

Hesabu ya siku ngapi

Kilo moja ya gesi ina nishati ya takriban kilowati-saa 12.8. Bana ya kawaida, yaani kichwa cha jiko kinachotoa moto, ya kilowati 2 ikiwaka kwa nguvu zote hula gramu 156 kwa saa, kwa hiyo kilo 6 ni saa 38 za moto kamili. Kuchemsha lita moja ya maji kwa sufuria yenye kifuniko, nusu ya joto ikipotea pembeni kama kawaida, ni gramu 14 hivi. Kwenye upepo weka 20 au zaidi. Ugali wa dakika 25 ni gramu 65. Sukuma wiki 30. Kitoweo cha omena au mayai na nyanya, 50 au 60. Chai mara mbili kwa watu wawili, pamoja na maziwa, 60. Jumla ni gramu 210 kwa siku, na mtungi wa kilo 6 unakwenda wiki nne na kidogo.

Maharagwe na githeri ndiyo yanayovuruga hesabu. Maji hayachemki kwa nyuzijoto 100 katika maeneo haya. Kisumu, mita 1,130 hivi, yanachemka kwa 96. Nakuru, mita 1,850, kwa 94. Timboroa ni 91. Nyuzijoto chache zinaonekana kidogo, lakini kwa punje kavu ya mahindi zinaongeza muda mrefu sana motoni, na ukipika githeri kila siku ya tatu milimani, wiki nne zinageuka mbili na nusu. Loweka usiku kucha ndani ya ndoo yenye kifuniko gari likitembea. Ukiweza, nunua sufuria ya presha: hufunga mvuke, maji yanapita nyuzijoto 100 tena, na ndicho chombo kimoja kinachorudisha bei yake haraka kwa anayeishi Molo au Londiani. Au pika maharagwe mengi ukiwa Kisumu na upande nayo.

Mwinuko unagusa pia rangi ya moto. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na bana iliyowekwa sawa Kisumu inaweza kuwaka njano Timboroa na kuacha masizi kwenye sufuria. Chini ya bana nyingi kuna kidirisha cha hewa chenye skrubu. Kifungue kidogo hadi moto urudi bluu. Ukikuta hata kikifunguka moto ni njano, toa kichwa cha bana ukisugue kwa brashi na kupitisha sindano matunduni. Vumbi la barabara na maji ya githeri yaliyofurika hujaa humo.

Kuunganisha

Mtungi wa kilo 6 na wa kilo 13 havitumii kiungio kimoja. Kichwa cha meko cha kilo 6 huskrubiwa moja kwa moja juu ya mtungi, bila regyuleta (kifaa cha kupunguza na kutuliza shinikizo la gesi), na moto wake hupanda na kushuka kwa shinikizo la mtungi. Ndiyo maana hudhoofika milimani. Kilo 13 hutumia regyuleta ya kubonyeza hadi isikike "tak". Kuna regyuleta ya kilo 6 pia, ya kuzungusha, na kwa gari ndiyo tunayoipendelea kuliko kichwa cha meko. Sufuria ya lita tano juu ya mtungi ndani ya gari lililosimama kwenye mteremko ni ajali inayosubiri. Tenga jiko la meza, mtungi uwe upande mwingine.

Regyuleta ya nyumbani hutoa shinikizo la milibaa 30. Mpira uwe wa gesi hasa, ulioandikwa hivyo, usiozidi mita moja na nusu, na ufungwe kila mwisho kwa klipu ya skrubu. Waya wa kufungia unakata mpira polepole kwa mtikisiko wa barabara. Nyumbani mpira unaweza kukaa miaka. Kwenye gari ukague kila mwezi: ukunje kwa vidole, na ukiona nyufa ndogo kwenye mkunjo, ubadilishe siku hiyo. Beba kipete cha akiba, klipu mbili na mita mbili za mpira. Vitu hivi havina uzito, na Jumapili jioni Luanda hutavipata.

Kila unapobadilisha mtungi, zima kila moto, fungua milango, unganisha, fungua valvu huku vifundo vya kuwashia jiko vimefungwa, kisha paka maji ya sabuni mahali patatu: mdomo wa valvu, regyuleta inapoungana na mpira, mpira unapoingia jikoni. Subiri dakika nzima. Povu dogo linalokua polepole ni uvujaji kamili kama lile kubwa. Kuna wanaojaribu kwa kiberiti. Tumewasihi sana waache.

Ikiwa boda boda ndiye aliyekuletea mtungi, huenda ulikuja umelazwa na kufungwa kwa mipira ya tyubu. Usimamishe robo saa kabla ya kuugusa. Kimiminika kilichopanda kwenye valvu kikiingia kwenye regyuleta huacha mafuta mazito yanayoganda kwenye utando wake wa ndani, na baada ya hapo moto hucheza juu chini bila sababu unayoiona. Regyuleta iliyofikia hapo haitengenezwi. Nunua nyingine.

Jambo moja kwa wanaotumia kichwa cha meko nje kwenye upepo. Kizuia upepo cha bati kikizunguka bana na mtungi pamoja hurudisha joto kwenye chuma. Mtungi ukishika joto ambalo mkono hauwezi kuvumilia, zima. Kinga upepo kwa upande mmoja tu, umbali wa hatua moja.

Ndani ya gari

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mbili. Ikivuja haitoki dirishani. Inashuka, inajaza sakafu, inakaa chini ya kitanda ikingoja cheche ya friji au swichi. Harufu ile kali imewekwa makusudi, lakini aliyelala huizoea bila kujua.

Sanduku la mtungi lizibwe kabisa upande wa ndani ya gari, mlango wake ufunguke nje, na sakafuni mwake mtobolewe matundu yanayotoka chini ya gari, jumla ya eneo lisilopungua sentimita 10 kwa 10, mbali na bomba la moshi. Weka wavu wa kuzuia panya na usiruhusu matope ya Ahero yazibe; baada ya kila mvua kubwa, chungulia. Mtungi usimame na ufungwe kwa mkanda mahali pawili, chini ya bega na juu ya kitako. Valvu ifungwe kila gari linapotembea.

Kupika ndani ya gari lililofungwa vioo ni kosa hata kama hakuna uvujaji, kwa sababu moto hula hewa na kutoa moshi wa sumu usio na harufu. Fungua dirisha pande mbili, upande wa chini na wa juu. Usilale jiko likiwa linawaka ili upate joto Molo. Blanketi mbili.

Magari yaliyokuja kutoka nje

Gari lililojengwa Marekani mara nyingi huja na tangi la propani la pauni 20, yaani kilo 9, lenye kiungio kisichoingia kwenye chochote cha hapa, au tangi lililochomelewa kwenye fremu ambalo haliwezi kubadilishwa. Usizunguke Nakuru kutafuta wa kulijazia kwa adapta. Nunua mtungi wa Kenya na regyuleta ya Kenya, kisha fundi akuunganishie kwenye bomba la shinikizo la chini, baada ya regyuleta ya awali ya gari, na tangi la zamani lifungwe kwa kizibo. Vyombo vya Marekani hufanya kazi kwa takriban milibaa 27, vya nchi nyingi za Ulaya 30 au 37, hivyo 30 ya kwetu inavitosha. Magari ya zamani ya Ujerumani yaliyojengwa kwa milibaa 50 yatawaka kwa unyonge. Hayo yanahitaji regyuleta ya 50 kutoka kwao, na mwenye gari aje nayo.

Njiani

Gesi nyingi huingia nchini kwa meli kupitia Mombasa na kupanda huku kwa malori, kwa hiyo kadiri unavyoingia ndani ndivyo gharama ya usafiri inavyoingia kwenye bei. Tangu Julai 2023 haitozwi ushuru wa VAT, lakini hilo halijafuta tofauti kati ya mji mkubwa na kisiwa. Badilisha Nakuru, Eldoret au Kisumu, ambako mauzo ni ya haraka na mtungi haujakaa juani miezi. Kericho na Kakamega ni sawa pia. Ukielekea Rusinga au Mfangano, au kambi za mbali Baringo, jaza kabla.

Feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita: waambie wahudumu una mtungi, ufunge valvu, toa regyuleta, usimamishe mahali penye hewa mbali na injini. Busia na Malaba, vuka ukiwa na mitungi iliyojaa na usitarajie kubadilisha ya Kenya upande wa Uganda. Na upange ubadilishaji wako kati ya Jumatatu na Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wakati vizimba viko wazi na kuna mwanga wa kutosha kusoma namba iliyopigwa kwenye kola.